Malkia wa Afrika: Sinema ya Kutazama Siku ya Mtakatifu Stefano



Majilio yanaelekea ukingoni, na hapa Lyulilo dalili za Noeli zimekwisha kuonekana. Watoto wa kwetu wanaofanya kazi Mbeya na Dar es Salaam wameanza kushuka na mizigo yao, majogoo wamefungwa kamba miguuni, na vibanda vya video vimeandika kwa chaki orodha ya sinema za sikukuu. Nimeisoma orodha hiyo. Ni ngumi, bastola na majoka kuanzia juu hadi chini. Sina ugomvi na ngumi, lakini naona kwamba iko sinema moja ya zamani, ya kuchekesha, ambayo ingestahili kuwekwa katika orodha hiyo kwa namna ya pekee, kwa sababu inahusu nchi hii tunayoikanyaga na vita vilivyopita katika maziwa yetu, nasi wenyewe hatuijui. Wazungu wameitazama kwa zaidi ya miaka sabini na kuiita miongoni mwa sinema bora za karne iliyopita. Huku kwetu, ambako kisa chake kimewekwa, ni nadra kumpata mtu aliyeiona.

Jina lake ni The African Queen, yaani Malkia wa Afrika. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Beverly Hills, Marekani, tarehe 26 Desemba 1951, siku ya Mtakatifu Stefano, Shemasi na Shahidi. Waliochagua tarehe hiyo hawakuwa na nia ya kumheshimu Stefano. Walitaka tu sinema yao iwahi kuingia katika mashindano ya tuzo za Oscar kabla mwaka haujaisha. Hata hivyo tarehe hiyo ina maana nyingine, nami nitaifikia.

Kwanza kisa chenyewe. Ni Septemba 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ndiyo Tanganyika ya baadaye. Katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kungdu wanaishi wamisionari wawili wa Kimethodisti kutoka Uingereza, Mchungaji Samuel Sayer na dada yake Rose. Mchungaji anachezwa na Robert Morley, na Rose na Katharine Hepburn. Sinema inaanza kanisani. Rose anapiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu, Mchungaji anaimba kwa jasho, na waumini wanatoa sauti ambazo haziwezi kuitwa wimbo wa lugha yoyote. Katikati ya ibada inasikika honi ya mashua, na anakuja Charlie Allnut, fundi mitambo anayeleta barua na mizigo kwa mashua mbovu ya mvuke iitwayo African Queen. Huyu anachezwa na Humphrey Bogart, mtu ambaye watazamaji wa siku zile walizoea kumwona akiwa amevaa suti na kushika bastola. Hapa hajanyoa ndevu, nguo zake zina grisi, na uungwana wake wote ni wa kujaribu.

Baada ya ibada wanamkaribisha chai. Sitaki kuwamalizia utamu, lakini nasema kwamba sehemu hiyo ya chai ni mojawapo ya vichekesho safi kabisa nilivyopata kuviona. Tumbo la Charlie linanguruma. Linanguruma kwa sauti, mbele ya wenyeji wawili wenye adabu kubwa, ambao wanaamua kutolisikia. Linanguruma tena. Mwenye tumbo anajieleza, na maelezo yake yanazidisha aibu. Hakuna anayeanguka, hakuna anayepigwa, hakuna tusi. Kila mtu aliyewahi kualikwa mezani na wakubwa akiwa na njaa ataelewa bila kutafsiriwa.

Ni katika chai hiyohiyo Charlie anataja, kama habari ya kupita tu, kwamba huko Ulaya kuna vita kati ya Waingereza na Wajerumani. Kwa hiyo mchungaji na dada yake wanagundua, kikombe kikiwa mkononi, kwamba wamekuwa maadui wa serikali iliyo juu yao. Muda mfupi baadaye wanajeshi wa Kijerumani wanafika, wanachoma kijiji, wanawaswaga wanakijiji wote, na Mchungaji anapigwa kitako cha bunduki. Anapandwa na homa, akili inamtoka, anafariki. Charlie anarudi, anamzika, na kumchukua Rose mashuani. Tangu hapo sinema ni ya watu wawili na mto mmoja. Rose, ambaye maisha yake yote amekuwa akiongozwa na kaka yake, anaamua kwamba washuke mto wenye maporomoko na ngome ya Wajerumani, watengeneze makombora kwa mitungi ya oksijeni na baruti ya kupasulia miamba, kisha wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani inayotawala ziwa. Charlie anakubali shingo upande, na baadaye akiwa amelewa anakataa.

Vichekesho vinatoka katika mvutano huo. Charlie ana tabia ya kuipiga mateke pampu ya bwela ya mashua yake, kwa sababu bisibisi iliachwa ndani ya vali ya usalama na mvuke unaweza kulipuka wakati wowote. Rose anamwuliza kwa nini haitoi hiyo bisibisi. Anajibu kwamba kwa kweli amezoea, na kwamba anapenda kuipiga teke. Hapo nilimkumbuka kila fundi wa boti niliyewahi kupanda naye katika Ziwa Nyasa. Kuna pia asubuhi ile Charlie anapozinduka kutoka ulevini na kumkuta Rose amekaa wima kama mtawa, akimimina chupa za pombe kali mtoni, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Na kuna Charlie akiigiza viboko na nyani ili kumfurahisha mwanamke ambaye huenda hajacheka kwa sauti tangu utotoni.

Mwongozaji, John Huston, alisimulia baadaye kwamba ucheshi huo haukuwamo katika kitabu wala haukuandikwa wote katika mswada. Ulizaliwa wakati wa kupiga picha, Hepburn na Bogart walipowekwa pamoja. Huston alimshauri Hepburn amwigize Rose kama Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini: tabasamu la heshima usoni hata moyo ukiwa mzito. Ushauri huo ndio unaobeba sinema nzima. Nao James Agee, aliyeandika mswada pamoja na Huston, alikuwa mpenzi mkubwa wa wachekeshaji wa sinema za kimya, akina Charlie Chaplin, na inaonekana. Sehemu nyingi za sinema hii zingeeleweka hata sauti ikizimwa.

Jambo hilo ni muhimu kwetu, maana mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Lakini sisi ni watu tuliozoea mtu mmoja asimame karibu na televisheni kibandani na kutufasiria kwa Kiswahili, akitia na chumvi zake. Kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi atatosha kabisa kwa dakika zote 105.

Sehemu kubwa ya picha za nje ilipigwa katika Afrika mwaka 1951, jambo ambalo wakati huo lilikuwa gumu na la gharama. Walipiga katika Kongo, kwenye mto mdogo wa Ruiki, kisha wakaja Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Mashua ilizama usiku na ikabidi ivutwe. Siafu waliwafukuza kambini. Karibu kila mtu aliugua tumbo kutokana na maji, isipokuwa Bogart na Huston, ambao walieleza kwa furaha kwamba wao walikuwa wakinywa wiski. (Naomi, wanaume wa kigango chetu, msilifanye hili kuwa fundisho.) Hepburn, aliyekuwa akinywa maji kama mtu mwenye busara, aliugua kuliko wote, na katika ile sehemu ya kanisani, anapopiga kinanda kwa uso mkavu wa utakatifu, palikuwa na ndoo imewekwa karibu naye kwa dharura. Aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo mwaka 1987. Bogart alipata Oscar mwaka 1952, ya kwanza na ya mwisho kwake. Ruba wanaomng'ang'ania mwilini katika matete, sehemu inayowasisimua watazamaji wote, hakukutana nao Kongo: sehemu hiyo ilipigwa studio, London.

Sasa niingie katika historia yenyewe, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Sinema imetokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Forester aliita mto wake Ulanga, na katika sinema unaitwa hivyohivyo, nao unaingia katika ziwa kubwa. Mwanafunzi yeyote wa darasa la sita hapa Kyela atacheka kabla Bogart hajafumbua mdomo, kwa sababu Ulanga wetu uko Morogoro, unakwenda Rufiji, na Rufiji inamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Anayeufuata Ulanga kutafuta ziwa la kuzamishia meli atajikuta anaogelea na papa. Lakini vita alivyovisimulia Forester vilikuwapo kweli, na vilikuwa na vichekesho vya kweli, na vilianza katika ziwa letu hili.

Mnamo Agosti 1914 palikuwa na meli mbili za serikali zilizojulikana sana katika Ziwa Nyasa. Ya Wajerumani iliitwa Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Ya Waingereza iliitwa Guendolen, chini ya nahodha Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki, watu wa kunywa pamoja kila walipokutana bandarini. Vita vilipotangazwa, Waingereza wa Nyasaland walipata habari kwanza. Tarehe 13 Agosti, Rhoades aliikuta meli ya rafiki yake Sphinxhafen, mahali ambapo leo panaitwa Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mtumbwi na kumfuata kwa makasia, amefura kwa hasira, akipaaza sauti kumwuliza Rhoades kama amelewa. Alipopanda juu akaelezwa kwamba nchi zao zinapigana, na kwamba yeye ni mfungwa. Hivyo ndivyo Ziwa Nyasa lilivyopata moja ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na gazeti la Times la London liliyatangaza kama ushindi mkubwa wa majini.

Mtu akilinganisha kisa hicho na ile chai ya Kungdu, ataona ni kitu kilekile. Watu wawili wanajuana, wanasaidiana, wanagawana tumbaku, kisha inakuja barua kutoka mbali kuwaambia kwamba ni maadui. Rhoades na Berndt hawakuwa na kosa lolote kati yao. Wala Wanyakyusa, Wakisi na Wamatengo hawakuwa na ugomvi na ndugu zao wa ng'ambo ya ziwa. Mto Songwe, ambao watu waliuvuka kwenda kuoa na kuuza samaki, ukawa mstari wa vita: tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichotoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, kilipigana na Waingereza huko Karonga, na mwezi Mei 1916 Waingereza wakaja upande huu na kuitwaa Tukuyu.

Lakini kisa kilichompa Forester mbegu ya riwaya yake kilitokea katika Ziwa Tanganyika. Wajerumani walilitawala ziwa hilo kwa meli zao, na kubwa kupita zote iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza waliamua kujibu kwa mashua mbili ndogo za injini, kila moja ya urefu wa futi 40, chini ya afisa aitwaye Geoffrey Spicer-Simson. Mtu huyu alikuwa mwenye majivuno, mwenye kusimulia mambo makubwa aliyoyafanya ambayo wenzake hawakuyaamini. Alipoambiwa aziite mashua zake majina, alipendekeza Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akapendekeza Mimi na Toutou, wakakubali, bila kugundua kwamba hayo ni majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa. Katika joto la ziwa alivaa sketi aliyoshonewa na mkewe, na wenyeji wakampa jina la Bwana Chifungatumbo. Nadhani Forester alipunguza ucheshi wa mambo haya ili asomwe kama mtu mkweli.

Mashua hizo zilitoka Uingereza kwa meli mwezi Juni 1915 hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume katika Katanga, na kutoka hapo zikavutwa porini umbali wa maili zipatazo 146, juu ya milima ya Mitumba, kwa matrekta ya mvuke, kwa maksai, na kwa mikono ya watu. Njia ilikatwa kwanza, na madaraja mengi yakajengwa kwa magogo. Matrekta yalipokosa maji katika kiangazi, wanawake wa vijiji vya jirani waliletwa kubeba maji vichwani kutoka mbali ili mitambo ipate mvuke. Nawaomba akina mama wa Lyulilo wanaopanga vyungu vya Kikisi sokoni kila Jumamosi wasome sentensi hiyo mara mbili. Bila vyombo vya maji vichwani mwa wanawake wa Katanga, majina ambayo yamewekwa majini kwa uchekeshaji wa Bwana Spicer-Simson yasingefika majini.

Zilifika Lukuga, karibu na mji ambao sasa ni Kalemie, na kushushwa ziwani siku mbili tatu kabla ya Noeli. Siku ya Noeli watu walipumzika. Kesho yake, Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala za asubuhi mbele ya watu wake waliosimama katika mstari, pale ilipoonekana meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ikija kupeleleza. Aliona, wote waliona, naye akaendelea na sala hadi mwisho. Kisha akawaambia watawanyike, wakaingia Mimi na Toutou. Mapigano yalichukua dakika chache tu. Kamanda wa Kingani aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, meli ikatekwa, ikatengenezwa, na kuitwa Fifi. Februari 1916 waliizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen haikuzamishwa na Waingereza kamwe: Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, wakiwa wamezipaka mitambo yake grisi vizuri ili siku moja ifae tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Ndiyo, ni Liemba ileile. Watanzania, Warundi, Wakongo na Wazambia wengi waliopanda na mihogo na dagaa zao kwa miongo kadhaa walikuwa wanasafiri ndani ya ile meli ambayo Rose na Charlie, kwa namna ya hadithi, walikuwa wakiitafuta kuizamisha.

Kwa hiyo tazameni tarehe. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, na sinema ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1951, miaka 36 baadaye, siku ileile. Sina ushahidi kwamba mtu yeyote Beverly Hills alilijua jambo hilo.

Naja sasa kwenye lawama yangu, na sitaificha, kwa sababu ningekuwa namwonjesha msomaji asali bila kumtajia nyuki. Katika sinema hii Mwafrika hana jina. Waumini wa Kungdu wanatoa kelele badala ya wimbo, watoto wanagombania kipande cha sigara alichotupa Charlie, kisha kijiji kinachomwa na watu wanatoweka, na baada ya hapo hatusikii tena habari zao. Mto mzima unapita kana kwamba hauna wenyewe. Mchungaji anakufa na tunahuzunika, lakini wale wanakijiji wote walioswagwa na askari, walikwenda wapi? Rose haulizi. Charlie anasema tu kwamba wanachukuliwa wakafanywe askari na wapagazi, kisha kisa kinasonga mbele.

Historia inajibu pale sinema ilipokaa kimya. Walikwenda kubeba mizigo. Vita vya Afrika Mashariki havikuwa na barabara, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Ng'ambo ya ziwa letu wapagazi waliitwa tengatenga. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliofariki, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa kwa uangalifu. Kambi ya kikosi cha wapagazi huko Dar es Salaam iliacha jina lake kwa mtaa, na Waswahili wakalitamka Kariakoo. Vijana wetu wanaokwenda kununua viatu vya Noeli Kariakoo wanatamka jina la kaburi bila kujua.

Je, sinema yenye upungufu huo inafaa kutazamwa? Nimelifikiri sana swali hili, na jibu langu ni ndiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ucheshi wake hauwacheki wanyonge. Ile kelele ya kanisani inawaaibisha waumini, sikatai, lakini mara nyingine zote kinachochekwa ni ukubwa: bendera, cheo, utakatifu wa kujionyesha, mwanamume anayejiona jasiri, maofisa wanaohukumu watu kifo kwa taratibu zote za ofisi. Tumbo linaponguruma mbele ya sahani za udongo mzuri, ni sahani zinazochekwa.

Sababu ya pili ni sehemu moja karibu na mwisho, ambayo mimi kama padre siwezi kuipita. Mashua imekwama katika matete. Charlie ana homa, maji yamekauka chini yao, wameivuta kwa kamba hadi nguvu zikaisha. Wanalala chini wakisubiri kufa. Rose anasali sala fupi, si ya kuomba waokolewe, bali ya kuomba wapokelewe kwa upendo watakapofika mbele ya Mungu. Kisha kamera inapanda juu polepole, juu ya matete, nasi watazamaji tunaona jambo wasiloliona wao: ziwa liko pale pale, hatua chache tu mbele. Halafu mvua inanyesha mbali milimani, mto unafura, na usiku wakiwa wamelala mashua inanyanyuliwa na kusukumwa hadi ziwani. Aliomba kifo chema akapewa mvua ya masika. Wanaoishi chini ya Milima ya Livingstone, ambao kila mwaka huona mito ikishuka ghafla kwa mvua iliyonyesha mahali wasikokuona, hawahitaji kuelezwa kwamba jambo hilo linawezekana.

Juu ya ndoa yao sitasema mengi. Inafungishwa na nahodha wa Kijerumani kwenye meli ya adui, dakika moja kabla ya wawili hao kunyongwa, na nahodha anaifungisha haraka ili arudi kwenye kazi yake ya kunyonga. Wanafunzi wangu wa mafundisho ya ndoa watakaotaka kuniuliza kama ndoa hiyo ilikuwa halali, wasubiri hadi Januari. Nasema tu kwamba katika riwaya mambo yanakwenda tofauti: mashua inazama katika dhoruba kabla ya kufanya lolote, na meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua mbili za injini za Waingereza, ambazo bila shaka ni Mimi na Toutou zimebadilishwa majina. Huston na wenzake waliona afadhali mashua mbovu ifanye kazi yenyewe. Mimi nimesoma na nimetazama, na nakubaliana na Huston.

Wanaotaka kuitazama waipange jioni ya tarehe 26, mvua ikiruhusu umeme. Babu na bibi wakae mbele. Sinema ikifika mahali kijiji kinachochomwa, mwenye rimoti aisimamishe, na wazee waulizwe kama waliwahi kusikia kwa baba zao habari za tengatenga, nani katika ukoo alichukuliwa, na kama alirudi. Wenye daftari waandike majina. Watoto wanaoogopa wadudu wapelekwe jikoni wakati wa ruba. Na chai iwe tayari kabla ya dakika ya kumi, pamoja na kitu cha kutafuna, ili matumbo ya wageni wenu yasishindane na la Charlie.